Glosi au Mati? Swali Linalostahili Kuulizwa Mapema

Katika maduka ya uchapaji ya Kariakoo, Dar es Salaam, na River Road, Nairobi, swali hili huja mwisho kabisa. Mchoro umeshapitishwa, rangi zimeshahakikiwa, bei imeshakubaliwa, mteja ana simu sikioni na bodaboda inamsubiri nje. Hapo ndipo kijana wa mashine anapouliza: "Tuweke glosi au mati?" Mteja hujibu bila kufikiri, na mara nyingi hutaja glosi, kwa kuwa glosi huonekana mpya na huonekana ya gharama. Jibu hilo la haraka ndilo litakaloamua kama menyu itasomeka chini ya taa, kama picha ya kwenye gari itabaki imenyooka baada ya kiangazi kimoja, na kama alama iliyobandikwa sakafuni itamtelezesha mtu siku ya mvua.

Laminesheni ni utando wa plastiki unaobandikwa juu ya kazi iliyokwisha kuchapwa. Kwenye jalada la kitabu au kadi ya biashara, utando huo kwa kawaida ni wa polipropilini, wenye unene wa maikroni 20 hadi 30, mwembamba kuliko unywele. Mgongoni mwake mna gundi kavu inayoyeyuka kwa joto la nyuzi 100 hivi, kisha rola hukandamiza utando na karatasi vikawa kitu kimoja. Stika na picha za magari hupitia njia nyingine: utando wake ni wa vinili, gundi yake hunata yenyewe, na rola hubana bila joto, au kwa joto dogo la kusaidia tu. Njia zote mbili hutimiza mambo mawili kwa pamoja. Huzuia mikwaruzo, maji na mafuta ya vidole visiufikie wino, na hubadilisha jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye picha. La kwanza kila mtu analijua. La pili husahaulika, na ndilo linaloharibu kazi nyingi nzuri.

Uso wa glosi ni laini kiasi kwamba mwanga ukiugonga huruka kwa pembe moja tu. Anayesimama nje ya pembe hiyo haoni mrejesho wowote. Jicho lake hupokea rangi ya wino peke yake. Weusi unakuwa mzito, wekundu unakolea, picha ya chakula inatia hamu. Anayesimama ndani ya pembe hiyo huona taa au dirisha, na maneno yote hupotea. Uso wa mati una vilima vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoutawanya mwanga kila upande. Hakuna mahali ambapo mwanga unapiga usoni, lakini kila mahali pana weupe kidogo unaochanganyika na rangi. Ndiyo maana picha ileile, iliyotoka printa ileile, ikiwekewa mati huonekana imepoa, na nyeusi yake huelekea kijivu. Wino haujabadilika hata chembe.

Mng'ao huu unapimika. Kipimo cha kimataifa cha ISO 2813 hutumia kioo cheusi kilichosuguliwa kama rejeo na kukipa alama 100. Kifaa humulika uso kwa pembe ya nyuzi 60 na kusoma kiasi cha mwanga kinachorudi. Zaidi ya 70 ni mng'ao wa juu; chini ya 10 ni mati kweli. Katikati kuna uwanja mpana wa nusu mng'ao, ambao wengi huuita satini, na inasikitisha kwamba wateja wachache mno huonyeshwa uwanja huo. Mtu huambiwa achague ncha mbili wakati kazi yake ilihitaji kitu cha katikati: picha za harusi, kalenda ya ukutani, bango la ndani la duka lenye picha na maelezo pamoja.

Kwa hiyo kanuni ya kuanzia ni kuuliza kazi hii itasimama wapi na mwanga utaifikia kutoka upande gani. Menyu inayosomwa usiku chini ya balbu iliyo juu ya meza inahitaji mati, hata kama picha ya samaki wa kupaka ingependeza zaidi kwa glosi. Ukuta unaotazamana na dirisha kubwa unahitaji mati. Maelezo ya makumbusho, ramani za hospitali, ratiba za vituo vya basi na vibao vya milango vinahitaji mati, na hapa suala si urembo. Macho ya wazee, na ya wenye mtoto wa jicho, huumizwa na mng'ao kuliko ya vijana. Marekani imeliandika jambo hili katika viwango vyake vya huduma kwa watu wenye ulemavu vya mwaka 2010: vibao vinavyohusika vinatakiwa viwe na herufi na usuli visivyorudisha mng'ao. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki hulipia kibao kizuri chenye glosi, kisha hukiweka chini ya taa ndefu ya dari, na mgeni analazimika kuinamisha kichwa huku na kule ili asome ni chumba namba ngapi.

Mfano ulio karibu zaidi na watu uko kwenye kaunta ya kila duka. Tangu Safaricom ilipoanzisha Lipa na M-Pesa mwaka 2013, na kampuni za simu za Tanzania kusambaza namba zao za kulipia, karatasi ngumu yenye namba imekuwa chombo cha biashara sawa na mizani. Nyingi sasa zina msimbo wa QR. Kamera ya simu haisomi kilichochapwa mahali ambapo mwanga wa taa umefuta miraba ya msimbo, na glosi hufanya hivyo bila kukosa pale kaunta inapokuwa chini ya balbu. Mteja husogeza simu, hupinda karatasi, hatimaye huandika namba kwa mkono na wakati mwingine hukosea tarakimu. Mati ingeondoa usumbufu huo kwa tofauti ndogo ya bei.

Hata hivyo mati ina udhaifu wake, na fundi mkweli huutaja kabla ya kupokea malipo. Vile vilima vidogo vinavyotawanya mwanga husagika vikisuguliwa. Jalada jeusi la mati likipangwa kwenye sanduku na wenzake mia, likasafirishwa kwa lori kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, litafika na michirizi inayong'aa kila lilipogusana na jingine. Rangi nyeupe na za mwanga huficha aibu hiyo. Nyeusi, buluu ya usiku na maruni huitangaza. Kuna utando wa mati uliotengenezwa kustahimili mikwaruzo, na kwa jalada la rangi nzito ndio unaostahili kuombwa kwa jina lake. Aina ya mahameli, ambayo kidole kikiipitia huhisi kama kitambaa, ni ghali zaidi na inapendwa kwa kadi za mialiko na vifungashio vya manukato. Inavutia kushika, lakini mafuta ya mikono hukaa juu yake, kwa hiyo haifai kitu kinachopita mikono mia kwa siku.

Na kwa kuwa mati hupoza rangi, mbunifu anayejua mapema kwamba kazi itakuwa ya mati anaweza kuongeza ukolezo na kuimarisha tofauti ya giza na mwanga kabla faili halijaenda kwenye mashine. Hii ni sababu tosha ya swali hili kuulizwa mwanzoni. Likiulizwa baada ya kuchapa, hakuna cha kurekebisha.

Vitabu vina tatizo lao ambalo wasomaji wa pwani wanalijua bila kuambiwa chanzo chake. Jalada hununuliwa limenyooka, na baada ya wiki chache Zanzibar au Mombasa linajikunja na kusimama wima kama jani la mgomba. Sababu ni kwamba laminesheni huwekwa upande mmoja tu. Plastiki ya nje haipokei unyevu, ila karatasi ya ndani hunywa unyevunyevu wa bahari, hutanuka, na jalada zima hulazimika kujipinda kuelekea nje. Kubadili glosi kuwa mati hakusaidii chochote. Kinachosaidia ni karatasi nzito zaidi, nyuzi za karatasi kupangwa zikienda sambamba na mgongo wa kitabu, na, kwa mchapishaji mwenye bajeti, utando wa nailoni, ambao hupitisha unyevu kidogo na hivyo hutanuka pamoja na karatasi.

Nje ya nyumba, mambo hubadilika kabisa, na hapo glosi hupata haki yake.

Adui mkubwa wa picha ya nje ni jua. Nairobi iko karibu nyuzi moja tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa asilimia 10 hivi. Kinachotokea kinaonekana kwenye kuta za saluni na vinyozi kote Afrika Mashariki: picha za mitindo ya nywele ambazo nyuso zake zimegeuka buluu. Katika wino nne za uchapaji, njano na majenta ndizo hudhoofika kwanza, samawati na nyeusi hubaki nyuma, na ngozi ya mtu, ambayo kwa sehemu kubwa huchapwa kwa njano na majenta, hupotea kabla ya kitu kingine. Hata stika iliyobandikwa ndani ya kioo haisalimiki, kwa sababu kioo cha kawaida cha dirisha huruhusu sehemu kubwa ya mionzi hiyo kupita.

Mng'ao haulindi rangi. Kinacholinda ni kemikali ya kunyonya urujuanimno iliyochanganywa ndani ya utando, ambayo inaweza kuwemo katika glosi au mati, na inaweza pia kukosekana katika zote mbili. Mteja anayetaka bango la mwaka mzima anatakiwa aulize hilo waziwazi, na pia ajue kwamba kinga hiyo huchelewesha kufifia. Haikomeshi, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana hula wino polepole.

Kwenye magari, swali la glosi au mati hutanguliwa na lingine lililo zito zaidi: vinili ya namna gani? Vinili ya bei nafuu hutengenezwa kwa kupitisha plastiki ya moto katikati ya rola nzito zinazoivuta na kuibana hadi iwe nyembamba. Inapoa ikiwa imevutwa, na tangu siku hiyo hutafuta kurudi ilivyokuwa. Jua la mchana likiipasha moto, husinyaa. Matokeo yake yako kwenye milango ya daladala nyingi: pembeni mwa kila herufi pana mstari mweusi wa gundi iliyoachwa wazi ikashika vumbi. Vinili ya kumiminwa, ambayo mafundi huiita kasti, humwagwa ikiwa majimaji na kukaushwa polepole bila kuvutwa. Haina haraka ya kurudi popote. Hujilaza kwenye mikunjo ya bodi na misumari ya bati na kubaki hapo. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza.

Hapa ndipo kosa la laminesheni hugharimu zaidi. Baadhi ya maduka huchapa kwenye kasti nzuri, kisha hufunika kwa utando wa bei nafuu, ule wa kuvutwa na kubanwa kwa rola, kwa matumaini kwamba mteja hataona tofauti. Kwa miezi ya kwanza haoni. Kisha utando wa juu huanza kusinyaa, na kwa kuwa umegandana na picha, huivuta nayo. Kingo huinuka, maji ya kuoshea huingia chini, na picha nzima hung'oka kutoka kwenye mikunjo. Kasti hufunikwa kwa kasti. Watengenezaji wakubwa kama 3M na Avery Dennison huorodhesha ni utando upi unaooana na vinili ipi, na dhamana zao hutegemea mlingano huo. Dhamana hizo hupungua katika nchi zenye jua kali, na hupungua tena kwa sehemu zilizolala kama boneti na paa, ambazo hupigwa na jua wima.

Michoro ya magari ina historia yenye heshima katika eneo hili. Kanuni za mwaka 2004 zinazohusishwa na waziri John Michuki ziliwekea matatu za Kenya mstari wa njano na kuzima michoro yake, hadi Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu sanaa hiyo irudi mwaka 2014. Nganya za leo, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro, huchanganya rangi ya kupuliza na stika, na kwa kazi ya namna hiyo glosi ndiyo chaguo la busara. Hufanana na rangi ya gari iliyo kando yake, vumbi halipati pa kujishikiza, na kitambaa chenye sabuni huliondoa. Mati kwenye gari hupendeza siku ya kwanza, na wenye magari binafsi wana haki ya kuipenda. Lakini tope jekundu hukaa ndani ya vilima vyake, brashi ya kuoshea huacha alama za kung'aa, na nta ya magari huijaza mabaka. Kwa gari linalooshwa kila jioni kwa haraka na bomba la presha, mati ni gharama isiyo na malipo. Na bomba hilo lisielekezwe kwenye ukingo wa stika, ya aina yoyote ile.

Sakafu ndiyo sehemu pekee ambapo chaguo baya linaweza kumvunja mtu nyonga. Mwaka 2020, wakati wa Korona, benki, maduka makubwa na vituo vya afya vilibandika alama za nyayo ili watu waachiane nafasi, na stika za kawaida zilitumika kwa wingi kwa sababu ya dharura. Glosi ya kawaida ikilowa huteleza kama vigae vilivyomwagiwa maji ya sabuni. Mati ya kawaida haitelezi sana, lakini viatu huisaga upesi. Kwa sakafu kuna utando maalumu mnene wenye chengachenga za kushika mguu, na hupimwa. Katika kipimo cha Ujerumani cha DIN 51130, mtu hutembea juu ya ubao uliopakwa mafuta huku ubao ukiinuliwa kidogokidogo hadi atakapoanza kuteleza, na pembe hiyo huipa bidhaa daraja kuanzia R9 hadi R13. Meneja wa duka anayeagiza tangazo la sakafuni ana kila sababu ya kudai kuona daraja hilo kwa maandishi.

Chochote kitakachochaguliwa, kuna subira ambayo haiuziki. Wino wa solventi na wa eko-solventi unapotoka kwenye printa huonekana mkavu, lakini kemikali zake bado zinatoka hewani. Ukifunikwa siku hiyohiyo, mvuke hunaswa chini ya utando, gundi hulainika, na baada ya siku chache huja viputo, au stika nzima hukosa kushika. Inatakiwa kazi iachwe wazi, isikunjwe kwa kubana, kwa saa 24 hadi 48. Wino wa lateksi na ule unaokaushwa kwa taa ya urujuanimno haudai subira hiyo. Huu wa taa, hata hivyo, hujenga tabaka lenye mwinuko, na utando mwembamba usiojaza mabonde yake hunasa hewa na kuacha ukungu wa fedha juu ya sehemu nyeusi. Mteja anayetaka stika zake "leo leo" kwenye printa ya eko-solventi ananunua matatizo ya wiki ijayo, na fundi anayekubali kwa hofu ya kumpoteza hamtendei wema.

Mashine hizihizi za laminesheni ndizo wananchi wanazozitumia kwa vyeti vyao, na hapo ushauri ni mwingine kabisa: cheti halisi cha kuzaliwa, cha shule au hati ya ardhi kisifungwe kwenye plastiki ya moto. Gundi huyeyukia ndani ya karatasi na haitoki tena bila kuiumiza, muhuri wa kubonyezwa hulainika, na ofisa hawezi kuupapasa kuthibitisha. Miaka ya 1930 William Barrow, mrekebishaji wa nyaraka huko Virginia, Marekani, alieneza njia ya kufunika nyaraka za kale kwa utando wa asetati na joto. Baadaye wahifadhi waliiacha, na kazi ya kuubandua utando huo imekuwa ndefu na ya gharama. Mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja, usio na gundi, unatosha kulinda cheti. Risiti za mashine za kodi za EFD zina hatari ya papo hapo: karatasi yake huchapwa kwa joto, kwa hiyo ikiingia kwenye mashine hutoka nyeusi tupu.

Kabla ya kulipia kazi kubwa, njia nyepesi ni kumwomba fundi achape kipande kimoja cha picha yenyewe na kukifunika nusu kwa glosi, nusu kwa mati. Kipande hicho kipelekwe mahali kazi itakapokaa, kiangaliwe saa ambayo watu hupita, mchana na usiku taa zikiwaka, kisha kisuguliwe kwa kucha na kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Maduka mengi hayakatai, na yale yanayokataa yamesaidia kwa namna yake.

Swali la mwisho linahusu siku ya kubandua, na anayekodi fremu ya duka au gari la matangazo asiliache. Vinili ya bei nafuu iliyokaa juani miaka miwili au mitatu hukauka, na hung'oka vipande vidogovidogo huku gundi ikibaki ukutani. Kasti iliyofunikwa kwa kasti, ikipashwa joto kwa mashine ya hewa moto na kuvutwa taratibu kwa pembe ya chini, kwa kawaida hutoka kwa vipande vikubwa. Tofauti ya bei iliyoonekana kubwa kwenye kaunta mara nyingi hulingana na siku mbili za vibarua wenye vikwangulio na mafuta ya kuondolea gundi, pamoja na rangi mpya ya ukuta ambayo mwenye nyumba atadai.